Picha Niliyoigeuza Miguu Juu

Mimi ni mtu wa kutotulia, na wanaonijua watasema hapo nimejipunguzia. Chuoni, nilikosoma Kurani utotoni, mwalimu alinikalisha mbele, karibu na bakora yake, si kwa utundu bali kwa sababu magoti yangu yalikuwa hayanyamazi hata tukisoma. Mama, ambaye mpaka leo ninakaa naye Kikwajuni, alizoea kusema kwamba siku niliyozaliwa mkunga alisahau kunifunga breki. Nilipotangaza kuwa nimepata kazi ya kupiga picha, nyumba nzima ilicheka. Kazi inayotaka mkono uliotulia, eti kapewa huyu.

Sikuutuliza mkono. Ndani ya kamera mna kilango kidogo, shata, kinachofunguka na kufunga upesi sana ili mwanga uingie. Ukikiacha wazi kwa muda na mkono ukatikisika, picha inaharibika. Hilo kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza. Mimi nilikiacha wazi makusudi na nikatikisa makusudi. Nikielekea minazi, naipandisha kamera juu taratibu, na minazi inatoka mistari mirefu ya kijani na kahawia isiyo na kuti hata moja, lakini kila anayeiona anasema minazi. Bahari naivuta pembeni, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka inakuwa mkeka wa buluu uliotandazwa. Ilinichukua muda kujua ni kutikisa kwa namna gani kunakoleta kitu na kwa namna gani kunakoleta takataka, na bado nikikosea hukasirika peke yangu njiani, watu wakinitazama.

Nilikuwa na hila nyingine pia. Nilipaka mafuta ya mgando pembezoni mwa kioo cha mbele, katikati nikapaacha safi, na mji ukatoka kama unaoonekana kwa mtu aliyetoka kulia. Nina kipande cha kioo cha dirisha nilichookota Mji Mkongwe walipokuwa wakiibomoa roshani moja. Cha zamani, kina mapovu na mawimbi ndani yake, na ukipigia picha kupitia hapo mapaa ya mabati yanapinda na minara inachezacheza. Baada ya mvua za masika nilikuwa nikishuka Michenzani kupiga madimbwi, majumba yale marefu yamesimama kichwa chini ndani ya maji. Nikizipeleka picha hizo nyumbani, nazigeuza ili dimbwi liwe mbingu. Mama alikuwa akizitazama, anauliza ipi juu na ipi chini, kisha anarudi kwenye mboga zake.

Kilichonipa mkate kilikuwa kingine kabisa. Mahoteli ya Kiwengwa yalinipa kazi ya picha za matangazo, na huko mkono ulitakiwa usimame. Mstari wa bahari uwe sawasawa, maji buluu, mchanga mweupe, na watu wasiwepo. Shida ni kwamba watu wapo. Maji yakitoka, wanawake wanaolima mwani wanaingia pale pale mbele ya hoteli na vigingi vyao na kamba zao, kwa sababu ndipo shamba lilipo. Basi nikirudi nyumbani nilikuwa nawafuta kwa kompyuta, mmoja mmoja, kisha vigingi, kisha nyayo. Nikimaliza, pwani inakuwa kama haijapata kukanyagwa na mtu. Nilichukia kazi ile na niliifanya vizuri.

Siku moja nilimsimulia hayo mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa Makunduchi na mwenyewe analima mwani. Nilisimulia kwa kuchekesha. Yeye hakucheka, aliniuliza tu, "Wakishafutwa, wanakwenda wapi?"

Mwaka huohuo mume wake akafariki. Mama mdogo akaingia edani, akawa kizuka kama tunavyowaita wajane wanaokaa ndani: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna pambo, hakuna kwenda na kurudi. Kaka mkubwa wa marehemu, mwenye duka palepale kijijini, ambaye mimi namwita baba mkubwa, alisimama mbele ya watu siku ya maziko, mkewe akiwagawia wanawake kahawa, akasema mke wa mdogo wake atakaa eda iliyo kamili, na kwamba yeye ndiye dhamana. Ni mtu mwema, mkarimu, na akisema jambo mbele za watu hulishikilia mpaka mwisho. Nyumba aliyokuwa akikaa mama mdogo ilikuwa ya ukoo wao, na maisha yake yaliyobaki yangekuwa katikati yao.

Nilikwenda kumtazama eda ikiwa haijafika nusu. Nilimchukulia sukari na sabuni, nikanuia kulala siku mbili. Nilimkuta chumbani anatoka dirishani kwenda mlangoni, mlangoni kurudi dirishani, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Sauti ya bahari inasikika pale ndani lakini huioni.

"Kaa basi, mama mdogo," nilimwambia.

"Nshakaa," alijibu, na akaendelea kutembea.

Nilimwona amekonda na nilimwonea huruma, na pia, niseme kweli, chumba kile kilinitia kiwewe mimi mwenyewe. Asubuhi yake nilimuaga kwamba nakwenda upande wa kaskazini kupiga picha na ningerudi alasiri. Akanijibu haraka haraka kwamba ni wazo zuri, niende mbali, huko ndiko kuzuri.

Nilikwenda kidogo nikachoka nako. Hivyo ndivyo nilivyo: nikifika mahali, roho inaniambia pale nilipopaacha ndipo penye picha. Nikageuza pikipiki, nikarudi mpaka pwani ya kijiji, na saa tatu ilikuwa imepita. Siku zile zilikuwa za bamvua, wakati maji yanapotoka kuliko siku zote, na bahari ilikuwa imekwenda mbali kabisa na kuacha uwanja mpana wa mchanga, matope na vidimbwi vinavyong'aa. Kule mbali kulikuwa na kundi la wanawake mashambani mwao, kanga za kila rangi. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo nilivika kamera kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ndipo kilango kiweze kukaa wazi muda wa kutosha nichore nacho.

Kabla sijapiga hata moja, mwanamke mmoja alijitenga na kundi akanijia, kwa hatua fupi za haraka, kanga ya rangi ya chungwa kajitanda mpaka puani kwa ajili ya jua.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Usisogee zaidi ya hapo."

"Sisogei. Nnaomba kupiga picha tu."

Alinitazama, akageuka kuwatazama wenzake, akanitazama tena. "Piga hapo hapo ulipo. Lakini tusijulikane."

Nilicheka. Nilimwambia picha zangu si za kujulikana mtu, nikamwonyesha chache kwenye kioo cha kamera, minazi isiyo na makuti na majumba yaliyomo dimbwini. Nikamwambia hata mama yangu mzazi hawezi kumjua mtu humu. Aliridhika, akarudi kwa hatua zake zile, nami nikapiga mpaka maji yalipoanza kujaa.

Picha moja katika zile ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliivuta kamera pembeni taratibu, wanawake nao wanatembea kwenda upande uleule, na kilichotoka ni uwanja wa fedha na kijani, na juu yake mistari ya rangi: nyekundu, zambarau, manjano, kila mmoja umenyooka. Katikati palikuwa na mstari mweupe, umeinama kushoto kama herufi ya alifu iliyoandikwa na mtoto, na ubavuni mwake, upande wa nchi kavu, rangi ya chungwa iliyokatikakatika vipande vifupi. Ule weupe niliudhani gunia, au ndege yangeyange. Sikujali ni nini. Nilijua kwamba ungeuondoa pale, picha nzima ingeanguka.

Mwenye nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe, anayefanya maonyesho ya picha katika ukumbi wake wa chini, aliichagua hiyo iwe ukutani mkabala na mlango. Ikachapwa kubwa juu ya turubai. Kabla ya kuipeleka niliipitisha nyumbani, nikaiegemeza kwenye kabati, nikamwita mama aje atazame. Nilitaka anisifu, basi.

Mama alitoka jikoni anafuta mikono. Akasimama, na mikono ikasimama.

"Huyu mdogo wangu," alisema.

Nilidhani anatania. Akaweka kidole kwenye ule mstari mweupe. Akaniambia mdogo wake tangu msichana hakuweza kubeba mzigo kichwani, shingo ilimuuma, kwa hiyo hupachika kiunoni upande wa kushoto na bega la kulia linapanda. Hata asipobeba kitu anakwenda hivyohivyo. "Mimi nimemtembeza huyu," alisema. "Na nyeupe hii si ya eda?"

Hapo ndipo nilipojiona mjinga wa mwisho. Mimi ni mtoto wa mji ambao wanawake wanapita mabaibui meusi na nikabu, na hakuna anayepotezana na mwenzake, kwa sababu hapa mtu hajulikani kwa uso. Anajulikana kwa kwenda kwake. Kutoka ng'ambo ya barabara tunasema, yule anakuja fulani, kabla hajasema salamu. Na mimi nilikuwa nimetengeneza chombo kinachofuta sura, nguo, mikono, kila kitu, kikabakisha mwendo peke yake.

Siku zile sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa dini, bila kumtaja mtu, akasema kizuka mwenye haja ya lazima hutoka mchana na akarudi. Nilishukuru, lakini si kitabu nilichokuwa nakiogopa. Nilikuwa naogopa midomo. Watu wa Makunduchi waliopo mjini ni wengi, wangekuja kuona pwani yao, na baba mkubwa mwenyewe alikuwa ameshatuma salamu kwamba siku ya kufungua maonyesho atafika. Mjane aliyeonekana baharini na nguo zake za eda, tena ukutani, tena kapigwa picha na mtoto wa dada yake: lingekuwa neno la kumfuata mpaka kaburini.

Nilimwomba mwenye ukumbi aitoe. Alikataa kwa upole. Ukuta ule ulikuwa wa picha ile, alisema, na zilizobaki zilikuwa wageni wake. Nikafungua kompyuta nikafanya nilichozoea kufanya Kiwengwa, nikamfuta. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nikaitazama picha iliyobaki: rangi nzuri, pwani nzuri, ya kutundikwa kwenye choo cha hoteli. Nikafunga kompyuta nikawasha pikipiki kwenda Makunduchi, maana jambo lilikuwa lake na sikuwa na haki ya kuliamua peke yangu.

Mama mdogo aliishika simu yangu kwa mikono miwili. Nilimweleza kila kitu, na kwamba mama amemjua mara moja. Nilingoja alie. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akairudisha.

"Kumbe nnakwenda hivi," alisema.

"Kwa nini ulitoka, mama mdogo? Wenzako wasingekuvunia?"

"Wangenivunia. Wenyewe walisema nikae. Si mwani, mwanangu." Alinyoosha miguu yake juu ya mkeka akaitazama. "Hii ilikuwa inaniwasha. Nilikaa hapa nikaona na mimi nakufa, tena kwa kukaa. Nikasema nende nikalione jua nirudi. Nilipofika kwenye maji nikaivua kanga niliyopewa nijifunike. Wewe unadhani uliipata wapi hiyo ya kwako?"

Nilijua anasema juu ya miguu yangu. Nilicheka, na machozi yakanitoka papo hapo.

"Nani alikutoa?" niliuliza.

"Usiulize."

"Nshakufuta kwenye kompyuta. Hakuna atakayejua."

Uso wake ukabadilika. "Wewe ndiye unayewafuta wa Kiwengwa," alisema. "Mimi usinifute. Nifiche utakavyo mpaka nitoke eda, lakini usinifute."

Nikaahidi, bila kujua nitatimiza vipi. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa napiga hesabu za mafuta ya mgando, za kioo chenye mapovu, za kuweka picha nyingine juu ya ile, na kila moja niliiona itamla mama mdogo mzimamzima. Asubuhi ya siku ya kufungua niliingia ukumbini kabla ya watu, bado sijapata la kufanya. Nilizunguka chumba. Mwisho kwa hasira niliishusha picha ile ukutani, nikaishika, na mikononi mwangu ikageuka. Nikaiona.

Ikiwa miguu juu, matope ya fedha yalikuwa mbingu. Mistari ya rangi ilining'inia. Mama mdogo alikuwa katikati ya mbingu hiyo, mweupe, wingu dogo lenye haraka. Hakupungua hata nukta, na hakuna mtu duniani angeujua mwendo wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea juu chini. Niliitundika hivyohivyo. Mwenye ukumbi alipofika alirudi nyuma hatua mbili tatu, akatikisa kichwa. "Sasa ndiyo kabisa," alisema.

Baba mkubwa alifika jioni ile na kanzu safi. Nilimfuata kila alikokwenda nikijifanya namwonyesha. Alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mashaallah. Mawingu haya ya wapi?"

"Ya kwetu, baba mkubwa."

Akapita kwenda kwenye majumba ya Michenzani. Nilipaswa kufurahi. Watu waliisifu jioni nzima, na kila aliyeisifu alinichoma, kwa sababu nilijua wanasifu mawingu. Kwa wiki zote zilizofuata nilikuwa siwezi kupita ukumbini bila kuingia, na nikiingia siwezi kukaa. Nilikuwa naisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, natoka, narudi. Mama aliniambia nakwenda kama mtu aliyeacha kitu motoni.

Eda ikaisha. Mama mdogo akaoga, akabadilisha nguo, na safari yake ya kwanza ilikuwa kuja mjini kwa dada yake. Aliyemleta ni baba mkubwa, kwa kigari chake cha mizigo ya duka, maana naye alikuwa na haja zake Darajani. Nilikuwa nimewaambia nitawangoja ukumbini. Nilitarajia mama mdogo atakuja peke yake. Waliingia wote wawili. Yeye alitangulia, baibui na ushungi wa rangi ya ndimu, ameinama kushoto na bega la kulia limepanda, na hakuwa amebeba kitu.

Alifika mbele ya picha akasimama.

"Mbona umenining'iniza kama popo?"

Aliisema kwa sauti yake ya kawaida.

"Nani?" aliuliza baba mkubwa.

"Mimi, shemeji. Yule mweupe, juu pale." Akanigeukia. "Igeuze, mwanangu. Eda yangu nshaimaliza."

Nilimtazama kuhakikisha, naye akaniitikia kwa kichwa. Nikaenda ukutani. Mikono ilikuwa inanitetemeka na safari hii sikuitaka itetemeke. Msumari ulinikataa mara ya kwanza, nikautafuta tena. Nikaiweka sawa, nchi chini na bahari juu, nikajitenga.

Baba mkubwa alisogea. Amezaliwa kwenye pwani ile, hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Aliutazama mstari mweupe, akamtazama shemeji yake kuanzia begani mpaka kiunoni, akaurudia mstari.

"Ulitoka," alisema.

"Nilitoka."

"Lini?"

"Bamvua lile alilokuja huyu."

Nilitafuta maneno ya yule mwalimu wa dini, haja ya lazima, mchana, yote yalikuwa yameniruka. Nilidhani anatafuta namna ya kuanza. Lakini macho yake yalikuwa yamehama. Aliinua kidole, polepole, akakiweka karibu na ile rangi ya chungwa iliyokatikakatika ubavuni mwa nyeupe.

"Na huyu mwenye hatua fupi?"

Nilimkumbuka yule mwanamke aliyejitanda mpaka puani, na nikaelewa sauti ile niliisikia wapi kabla ya pale: msibani, katikati ya wanawake wengi, akigawa kahawa.

"Huyu mke wangu," alisema baba mkubwa. Hakuwa anauliza. "Siku ile nilikwenda zangu shamba nikamwacha kwako. Nilimwambia akae nawe, asikuache peke yako hata kidogo. Niliporudi nilimuuliza. Akaniapia kwamba hakukuacha."

Mama mdogo alisogea akasimama karibu naye, wote wawili wanaitazama picha.

"Hakukudanganya, shemeji," alisema. "Hakuniacha."

Kidole cha baba mkubwa kilibaki pale, kati ya nyeupe na rangi ya chungwa, mahali zilipopakana. Mimi nilivuta kiti cha mlinzi nikakaa.